Sare ya Tausi

Nshambya, Bukoba
3 Juni 2024

Dada Jovitha,

Shikamoo. Huku tupo, na kwa kuwa najua utauliza, ninakula. Mparachichi wa uani umezaa mpaka tawi moja limelalia paa la jirani. Jirani anaokota yanayomwangukia huku akilalamika kwamba yanamharibia mabati. Nimemwambia achague moja, malalamiko au maparachichi. Amechagua vyote viwili, na mimi nasema hapo ndipo nchi hii ilipokwama.

Haidari, konda wa basi la Muleba, ameniletea ujumbe wako kwamba simu yangu haipatikani tangu Machi. Haipatikani kwa sababu nimeizima na kuifukia ndani ya debe la maharage. Lile kundi la ukoo la WhatsApp limenishinda. Niliandika hoja ndefu kuonyesha kwamba kamati za harusi zimekuwa serikali ambazo hazikupigiwa kura na mtu, nikajibiwa kwa picha ya ua lililoandikwa "Asubuhi njema". Siwezi kujadiliana na ua. Anayenitaka aniandikie barua, kama watu walivyofanya zamani walipokuwa na mawazo ya kuzidi mstari mmoja.

Shuleni nimeomba likizo. Ni malaria tu, ile sugu. Usije, usimtume mtu, na usiniletee Mchungaji.

Mdogo wako,
Kahigi


Kimwani, Muleba
20 Juni 2024

Mdogo wangu Kahigi,

Marahaba. Sisi tuko salama, isipokuwa ng'ombe amekanyaga ndoo mpya, na kahawa imeiva kabla ya kupata watu wa kuichuma. Mchungaji anakusalimu. Anasema hata kama humtaki atakuombea, kwa hiyo vumilia.

Sasa hiyo malaria. Malaria ya Machi mpaka Juni, bojo, mdogo wangu, hata mbu aliyekuuma atakuwa amekufa kwa uzee! Haidari anasema alikuletea ndizi mchana wa jua kali, ukampokea dirishani ukiwa na nguo za kulalia. Mkungu mzima, dirishani. Sitauliza ulipitaje. Kanisani wakiniuliza habari zako nawaambia una presha. Presha ni ugonjwa wenye heshima zake.

Jambo lenyewe ni hili. Violeth wangu amepata mchumba, Gamaliel, mwalimu wa hesabu, kijana mtaratibu. Harusi ni Jumamosi ya tarehe 14 Desemba, hapa hapa Kimwani. Baba yake hayupo tena duniani, na mjomba anaye mmoja tu. Ni wewe utakayesimama mbele ya watu umtoe. Nijibu. Nikiuliza mara ya pili sitauliza kwa upole.

Unalala lakini?

Dada yako,
Jovitha


Nshambya
11 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Pole kwa ndoo. Mkungu ulipita kwa sababu niling'oa wavu wa mbu, basi. Violeth mpe hongera. Hilo la mjomba tutaliongea.

Nakuandikia kukueleza ukorofi wa Sada, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Mama huyu anashona barazani kwake kuanzia asubuhi, mabaki ya vitenge anayasukuma chini kwa mguu, na upepo wa ziwa ukivuma yote yanahamia uani kwangu. Juma lililopita nilitoka kitandani, jambo ambalo silifanyi ovyo siku hizi, nikayaokota yote kwa nia moja: kumrudishia pamoja na hotuba. Ilikuwa hotuba nzuri, Dada. Ilikuwa na sehemu tatu.

Lakini nikaona siwezi kumpelekea takataka zimevurugika kama alivyozileta yeye. Nikaanza kuzipanga. Nyekundu huku, buluu kule. Kisha buluu zenyewe zikaanza kupingana. Ipo buluu ya ziwa na ipo buluu ya sketi za shule, na mtu yeyote mwenye macho anajua haziwezi kukaa kiti kimoja. Nilipoinua kichwa, jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili na sikuwa nimewaza chochote. Hujui hilo lina maana gani kwangu. Nikatafuta sindano, nikaunga vipande viwili vilivyoonekana kuelewana.

Sada alinikuta hivyo alipokuja kuomba parachichi.

"Mwalimu! Unashona?"

"Ninapanga ushahidi dhidi yako."

"Ushahidi wenyewe mishono imepinda."

Nikamwambia mishono yangu imepindishwa na ujinga, ambao una dawa, lakini ya kwake imepindishwa na kiburi. Akaondoka akicheka mpaka barabarani. Kesho yake hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mgomba, lakini uani nilikuta furushi zima la mabaki, limefungwa fundo.

Je, una nguo chakavu? Usimwambie mtu.

Kahigi


Kimwani
29 Julai 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma jikoni, ndizi zikaungulia chini. Mtu aliyegombana na wahariri, wakuu wa shule na wachungaji watatu kwa zamu, leo anagombana na rangi ya buluu! Nimecheka, halafu nikatoka nje nikakaa kidogo.

Nguo chakavu ninazo. Nimemwambia Violeth achukue stoo kile kiroba cheupe kilichofungwa kwa kamba ampe Haidari. Mna gauni langu la kipaimara, mapazia ya nyumba ya zamani, sare za harusi za ukoo ambazo hazinitoshi tena, na koti la kaki la Baba.

Kamba nayo ni ya Baba, utaitambua. Bado zimejaa darini. Unakumbuka alivyokuwa akishinda ameuelekea ukuta, akisokota nyuzi za migomba, kamba juu ya kamba, na hatukuwa na mbuzi hata mmoja? Mama akatufundisha kusema anajiandaa kununua mbuzi. Tulisema hivyo mpaka tukaamini.

Hili sikuliandika ili ulijibu.

Koti usilikate kama roho inakataa. Na kuhusu mjomba, bado nasubiri, waitu, nakusihi.

Jovitha


Nshambya
24 Agosti 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini kahawa imeingia ghalani. Kiroba kimefika.

Sijui nianzie wapi. Gauni la kipaimara limekubaliana na mapazia kana kwamba walikua pamoja. Koti sikulikata. Lakini kile cha chini kabisa! Kitenge kipya, yadi kwa yadi, buluu ya ziwa lenyewe, na tausi wa dhahabu wamejipanga kama wabunge siku ya kwanza. Nikajua mara moja. Umeninunulia zawadi, ukaifunika kwa nguo kuukuu ili usilazimike kuisema, kwa sababu sisi watoto wa Mzee Kyaruzi hatusemi. Nilikaa na kitambaa kile mapajani muda mrefu.

Kisha nikakikata. Chote. Vipande vya pembe sita, ukubwa wa kiganja. Sada alipiga kelele: "Mwalimu, hicho ni cha gauni!" Nikamwambia gauni ni mwisho wa fikra za mafundi wavivu. Sasa kichwa cha tausi kiko huku, mkia kule, na ninawaunga upya ninavyotaka mimi.

Kwa kuwa umenipa zawadi hiyo, nami nikupe ukweli. Si malaria. Tangu Aprili daktari wa magonjwa ya akili huja kuniona hapa nyumbani. Anaiita sonona. Niligombana naye kwamba neno hilo linasikika kama jina la mboga. Akaniacha nimalize, akanipa vidonge. Ninavinywa. Usije ukatangaza Kimwani kwamba kushona kunaponya, maana hakuponyi, na nitakuandikia kukupinga hadharani. Kuna asubuhi ambapo mto wa kulalia unanishinda nguvu. Lakini nikiwa na sindano, lile jambo linasogea pembeni, kama mgeni aliyeambiwa asubiri barazani. Halijaondoka. Linakohoa huko nje. Ila halikai kwenye kiti changu.

Nchi hii ukivunjika mguu unaletewa ndizi na supu. Ukishindwa kuamka unaletewa mawaidha. Kuna siku nitaandika makala, na watanijua.

Kuhusu Desemba: siwezi. Ninafika getini, narudi. Tafuteni mjomba mwingine.

Kahigi


Kimwani
27 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Kimya chako kirefu, ila najua sababu. Haidari ameanguka na pikipiki, anauguza mguu, na barua zote ziko kwenye mfuko wake. Hii anakuletea Mwinjilisti Mutalemwa. Ng'ombe amezaa ndama wa kike.

Leo nina habari ya furaha tupu. Sare yetu akina mama wa upande wa bibi harusi ilishafika tangu Julai! Salma wa dukani Bukoba ndiye aliyetuagizia. Buluu, yenye tausi wa dhahabu, hakuna mwenye nayo Muleba nzima. Agnetha, mwenyekiti wetu, alitaka akae nayo yeye. Nikasema hapana, kwangu ndiko salama. Iko stoo ndani ya kiroba cheupe, nimekifunga kwa kamba panya wasiingie. Tutagawana mwishoni mwa Septemba. Agnetha ameapa ikipungua hata kiraka atanitoa kwenye umoja wa wanawake kwa mikono yake. Tulicheka sana!

Jovitha


Nshambya
5 Septemba 2024

Dada yangu mpendwa, mlezi wangu, uliyenibeba mgongoni,

Shikamoo. Shikamoo tena. Ndama hajambo? Na mama yake? Ile ndoo ilipatiwa nyingine? Mchungaji mpe salamu nyingi, ni mtu mwema, nimekuwa nikimwonea.

Nimekuwa nikitafakari kuhusu sare. Nani alisema wanawake wa harusi lazima wafanane kama askari wa gwaride? Mimi kama mwalimu wa historia ninasema hili jambo ni la juzi tu. Bibi zetu walivaa kila mmoja alichonacho, na ndoa zao zilidumu. Huenda huu ndio mwaka wa Kimwani kuonyesha njia.

Pia nilitaka kuuliza, kwa udadisi tu wa msomi: umeingia stoo siku za karibuni? Usiingie. Vumbi la msimu huu ni baya kwa kifua. Na ile barua yangu ya tarehe 24 ikikufikia, usiifungue. Ina makosa ya kisarufi.

Mdogo wako mtiifu,
Kahigi


Kimwani
28 Septemba 2024

Kahigi,

Nimeingia stoo.

Jovitha


Nshambya
4 Oktoba 2024

Dada,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Vipande vyote nimevirudisha kwenye kiroba. Sijashika sindano tangu barua yako ifike. Sada anagonga, simfungulii. Sina hoja. Unajua mimi kukosa hoja ni hatari kiasi gani.

Nilidhani ni zawadi. Hilo ndilo linalonilaza kitandani. Si kitambaa.

Waambie wanawake kosa ni langu peke yangu. Na usiandike tena kuhusu kusimama mbele ya watu. Tumwache Violeth aolewe kwa amani bila kutazama mlangoni kama nitatokea.

Kahigi


Kimwani
12 Oktoba 2024

Kahigi mdogo wangu,

Marahaba. Ndama anakua. Mvua zimeanza vizuri. Umesikia? Nimeitikia.

Nisikilize mpaka mwisho. Aliyekosea ni mimi. Viroba viwili vyeupe, kamba mbili za Baba, na nikamtuma mtoto anayeolewa, ambaye siku hizi hata chumvi anaitia kwenye chai. Alivimimina vyote kwenye kimoja ili apate nafasi stoo.

Nilikuwa nimekasirika sana. Halafu Haidari akapona mguu, akaniletea ile barua yako ya Agosti. Nimeisoma mpaka inaanza kuchanika kwenye mikunjo.

Wanawake walikuja kuchukua sare. Nikawaambia imekatwa. Agnetha akasimama katikati ya sebule yangu.

"Imekatwa na nani?"

"Na Kahigi."

"Yule mwenye presha? Presha ndiyo inakata tausi?"

Nikataka kusema ndiyo, Kahigi. Neno lilikuwa mdomoni. Nikasema, "Hana presha. Ana sonona. Anashindwa kutoka nyumbani. Na baba yetu alikuwa nayo pia, hakuwa anataka kununua mbuzi yeyote."

Agnetha akakaa, na unajua Agnetha hakai. Akasema, "Mnakumbuka nilipojifungua wa tatu? Nilifuma vitambaa vya makochi. Makochi yakaisha. Nikafuma cha redio. Nikafuma cha pasi ya mkaa na cha dumu la maji. Ninyi mkaja mkanisifu usafi."

Mmoja akaanza kucheka, nadhani ni Agnetha mwenyewe. Tukacheka mpaka Violeth akaja kuchungulia.

Uamuzi wa kikao, ambacho wewe unakiita serikali isiyopigiwa kura, ni huu. Kila mmoja atavaa gauni lake jeupe la kwaya, na juu atajitanda mtandio wa viraka vya tausi. Mitandio utaiunga wewe, hapa sebuleni kwangu, chini ya usimamizi, kama mtu aliyepewa kifungo cha nje. Haidari atakufuata mpaka mlangoni. Geti atalifungua yeye. Ukitaka fumba macho.

Zawadi haikuwa zawadi, ni kweli. Lakini ningekuwa na akili ningekununulia.

Jovitha


Nshambya
25 Oktoba 2024

Dada,

Shikamoo. Agnetha mwambie nimesoma habari ya dumu la maji nikacheka kwa sauti, mimi peke yangu humu ndani, nikajishtua.

Haidari alikuja. Nilivaa, nilichana nywele, nilibeba kiroba mpaka getini. Hapo miguu ikagoma. Akaniuliza, "Mwalimu, umesahau kitu?" Nikasema ndiyo. Akangoja mpaka dereva akapiga honi mara kadhaa, akachukua kiroba, akaenda nacho.

Kwa hiyo kiroba kimekuja na mimi nimebaki. Samahani. Mjiungie wenyewe.

Kahigi


Kimwani
2 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi tu wazima. Senene wameanza, nimekuwekea sahani.

Hatukulaumu. Kazi tumeianza wenyewe kama ulivyosema. Agnetha ndiye anayepanga. Anasema pembe sita ni kupoteza muda, kwa hiyo anazipunguza kwa mkasi ziwe mraba. Kichwa cha tausi amekishona kwenye mkia wa mwingine, kimeangalia chini. Na kwa kuwa vipande havitoshi, anajazia kwa sketi za shule za wajukuu zake. Anasema buluu ni buluu.

Nimekuambatishia kipande kimoja ukione.

Jovitha


Kimwani, chumba cha wageni
9 Novemba 2024

Dada uliye jikoni,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka hatua chache kwa sababu tangu nimefika jana tumeongea habari za ndama tu, na tukiendelea hivi mtaniozeshea Violeth tukiwa bado kwenye ndama.

Buluu si buluu! Nilipofungua ile bahasha na kuona sketi ya shule imeshonwa juu ya tausi wangu, nilivaa viatu. Nilitunga hotuba tangu mlangoni, na nilipofika sehemu ya pili nilikuwa nimeshakaa kwenye basi. Geti sikuliona. Haidari anasema nililiacha wazi na nilikuwa nikiongea peke yangu kwa vidole.

Hotuba nimeshamtolea Agnetha, umesikia. Kijiji kizima kimesikia. Sasa niambie ukweli: zile za mraba zipo ngapi? Maana nimepekua kiroba, na ukiacha kile kipande ulichonitumia, pembe sita zangu zote ni nzima.

Kahigi


Jikoni
tarehe hiyo hiyo

Mdogo wangu uliye chumbani,

Marahaba. Ni hicho kimoja tu. Agnetha alikishona huku akilia kwa kucheka, sketi tuliomba kwa mjukuu wake.

Ndizi zimeiva. Njoo ule, na ukitaka kugomba, gomba kwa mdomo.

Jovitha


Nshambya
18 Desemba 2024

Dada Jovitha,

Shikamoo. Nimefika salama. Jirani ameokota parachichi zote nilipokuwa sipo, na bado analalamika.

Watu wanasema nilisema vizuri harusini. Hawajui kwamba sehemu ya pili niliisahau yote. Nilisimama na koti la Baba, na kiraka cha tausi kwenye kiwiko, nikawaona mmejipanga mbele yangu na mitandio ile, na Agnetha katikati akiwa amejitanda ule wenye mraba mmoja wa sketi makusudi ili anikere. Nikasahau. Nikasema tu kwamba huyu ni mtoto wetu na tunampenda. Miaka yote hii ya kusoma, na hiyo ndiyo hotuba iliyopigiwa vigelegele.

Nisikufiche. Juzi sikuamka mpaka jioni. Daktari amenipangia siku, nitakwenda, na nitatoka kwa geti. Simu nimeitoa kwenye maharage. Kundi la ukoo bado sijarudi, ila namba yako naipokea. Lakini barua tuziache ziendelee. Kwenye simu utaniuliza kama nimekula, na mimi nitasema ndiyo.

Yule mbuzi wa mjomba, sehemu yangu ya mahari, anakusalimu. Nimemfunga uani kwa kamba ya Baba, mojawapo ya zile ulizonishushia darini. Anakula mabaki ya vitenge vya Sada, nyekundu kwanza, kisha buluu zote mbili bila ubaguzi. Sada amekuja leo asubuhi, akaishika ile kamba, akaivuta, akashangaa ilivyosokotwa vizuri.

"Mwalimu, hii kamba ya zamani kiasi hiki ilikuwa ya nini?"

Nikamwambia ni ya baba yangu, alikuwa na sonona kama mimi. Halafu, kwa kuwa Mama asingenisamehe, nikamwonyesha mbuzi.

Mdogo wako,
Kahigi